Namna ya Kufanya Kazi na Behewa Lililosimama: Maneno ya Gadi Mstaafu wa Treni za Mizigo

Vijana wanaoingia kazi ya treni za mizigo huogopa mwendo. Huogopa daraja refu, kona kali, treni inayoshuka mlima. Mimi nilianza nikiwa shanta wa yadi (mtu wa kuunga na kupanga mabehewa) na nikastaafu nikiwa gadi (msimamizi wa treni), na karibu ajali zote nilizozishuhudia zilianza treni ikiwa imesimama, au ikijongea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Treni ikikimbia kila mtu yuko macho. Ikisimama, watu wanawasha sigara, wanatafuta chai, wanakata njia katikati ya mabehewa. Hapo ndipo nilipoona wenzangu wakiumia, na ndiyo sababu nimeandika zaidi juu ya behewa lililosimama kuliko jambo lingine lolote.

Elewa kwanza upepo unafanya nini

Wengi hudhani dereva akitaka kusimama anapeleka upepo kwenye magurudumu. Ni kinyume chake. Chini ya treni nzima linapita bomba kuu la breki, behewa hadi behewa, limeungwa kwa mipira. Kichwa, yaani injini inayovuta treni, kinalijaza upepo, kwenye reli nyingi hadi bar 5, na kila behewa linajaza tangi lake kutoka humo. Dereva anaposimamisha treni anapunguza upepo wa bomba kuu. Valvu ya kila behewa inahisi upungufu huo, inaruhusu upepo wa tangi uingie kwenye silinda, na silinda inabana bloku za breki kwenye magurudumu. Mpango huu uliletwa na George Westinghouse mwaka 1872, na faida yake ni kubwa: treni ikikatika katikati, mipira inaachana, upepo unatoka, na vipande vyote viwili vinajifunga bila mtu kugusa kitu.

Sasa tazama upande wa pili. Kinachobana gurudumu ni upepo uliofungiwa ndani ya silinda, na upepo unavuja. Raba imezeeka, kiungo kimelegea, baridi imekaza kila kitu. Behewa moja linaweza kushika siku nzima na jirani yake likaachia baada ya saa moja, na kwa kuyatazama tu huwezi kujua lipi ni lipi. Breki ya upepo ni ya kusimamishia treni. Si ya kuilaza.

Tarehe 4 Februari 2019, karibu na Field katika milima ya British Columbia, Kanada, treni ya nafaka yenye mabehewa 112 ilisimamishwa kwa breki ya dharura kwenye mteremko mkali, kwenye baridi kali mno. Ilikaa hapo karibu saa 3, breki za mkono hazikufungwa, zamu mpya ikaja kupokea. Wakiwa wameshapanda, treni ikaanza kutembea yenyewe. Wafanyakazi wote 3 walikufa. Hakuna aliyeifungulia. Upepo uliisha nguvu, basi.

Msidhani mteremko lazima uonekane. Piga hesabu hii mwenyewe: behewa la ekseli 4 lililojaa lina uzito wa tani 80 hivi. Likikaa kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, linavutwa kuteremka kwa nguvu ya kilo 800, na msuguano wa gurudumu la chuma juu ya reli unazuia sehemu ndogo tu ya hizo. Mabehewa 20 ya namna hiyo ni tani 16 zinazotaka kuondoka. Nimefanya kazi kwenye yadi ambazo mgeni angeapa ni tambarare, ilhali sisi tulijua kila behewa tupu litaelekea upande gani likiachwa.

Kuilaza treni

Breki ya mkono ni chuma kwa chuma: usukani au wenzo, mnyororo, fito, bloku, gurudumu. Haina upepo wa kuvuja. Lakini ina ujanja wake.

Kabla ya kuzungusha usukani, hakikisha behewa limesimama kabisa na dereva anajua uko juu yake. Panda ukitazama ngazi, mkono mmoja ushike chuma muda wote. Zungusha mpaka uhisi ulegevu wote umekwisha, kisha kaza kwa uzito wa mwili, mgongo umenyooka. Ukimaliza, usiutazame usukani. Shuka ukatazame mnyororo. Mnyororo uliokaza hautikisiki ukiupiga kwa buti. Kisha inama uone bloku zimelalia magurudumu. Nimeona usukani umekazwa hadi mwisho huku fito ya chini imekatika, na aliyeukaza alikuwa ameshaandika kwenye kitabu kwamba behewa limefungwa.

Funga ngapi? Kila reli ina jedwali lake la uzito na mteremko, na hilo ndilo la kufuata. Ila jedwali halikuondolei kazi ya kujaribu, na kujaribu kwenyewe kuna namna. Ukishafunga breki za mkono, mwambie dereva aachie breki zote za upepo, za mabehewa na za kichwa pia, halafu asukume kidogo, avute kidogo, kisha aache. Treni ikibaki pale pale, breki za mkono zinaishika. Ikisogea hata shubiri, rudi ukaongeze.

Nimetaja breki za kichwa kwa makusudi. Julai 2013 treni ya mafuta ya mabehewa 72 ililazwa juu ya mteremko huko Nantes, Quebec. Dereva alifunga breki za mkono 7, akajaribu, treni haikusogea. Lakini alijaribu huku breki ya upepo ya kichwa ikiwa bado imeshika, kwa hiyo jaribio halikumwambia ukweli. Usiku huo kichwa kiliwaka moto, wazima moto wakakizima injini, na injini ikizimwa hakuna kinachojaza upepo. Upepo ukavuja taratibu. Baada ya saa moja hivi treni iliteremka kilomita 11 na ushee bila mtu ndani, ikaacha njia katikati ya mji wa Lac-Mégantic ikiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Watu 47 walikufa. Wachunguzi wa Kanada walisema zilihitajika breki za mkono kati ya 17 na 26. Kila kijana niliyemfundisha nilimsimulia habari hii kabla hajagusa usukani wa kwanza, kwa sababu mle ndani kila mtu alifanya kitu kilichoonekana cha kutosha.

Na jiwe, jamani. Nawaomba sana juu ya jiwe.

Kwenye lupu moja (njia ya pembeni ya kupishania treni) niliyofanyia kazi, zamu ya usiku iliacha mabehewa ya saruji yakiwa na upepo tu, na jiwe moja chini ya gurudumu la mbele. Alfajiri nilipofika na taa yangu, niliona juu ya reli mstari wa unga mweupe, mrefu kama mkono, na vipande vidogo vilivyorukia kwenye kokoto. Ndicho kilichobaki cha lile jiwe. Mabehewa yalikuwa mbele, yamekita pua kwenye mchanga, kwa sababu mwisho wa lupu ile palikuwa na pointi ya usalama inayoelekeza nje ya njia kuu chochote kinachotoroka. Pasingekuwa na pointi ile, yangeingia njia kuu, na saa ile palikuwa na treni njiani. Nilichota ule unga kwa vidole. Ulikuwa laini kabisa.

Jiwe linasagika au linateleza. Mnamo Juni 1889 karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi ilishindwa kupanda mlima, wakaikata vipande viwili, mabehewa ya nyuma yakazuiwa kwa breki ya mkono ya behewa la gadi na mawe chini ya magurudumu. Kichwa kilipojirudisha kidogo kikiwa kinajiandaa kuondoka, kiliyagusa, mawe yakasagika, na mabehewa yakateremka hadi kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80, wakiwemo watoto wengi. Mwaka huo huo Uingereza ikapitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe kwenye treni za abiria. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mei 2002, huko Tenga, Msumbiji, mabehewa ya abiria yalitenganishwa na ya mizigo mlimani yakazuiwa kwa mawe. Yaliteremka. Walikufa zaidi ya watu 190. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Juni, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni karibu na Igandu, Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Ile ya Igandu haikuwa habari ya mawe, lakini ni uzito ule ule na mteremko ule ule.

Kama reli yako inatoa kabari za chuma au za mbao ngumu, tumia hizo, pande zote mbili za gurudumu, na bado ufunge breki ya mkono. Kabari ni msaidizi wake. Haiwezi kushika nafasi yake.

Kuingia katikati ya mabehewa

Hapa ndipo nilipopotezea wenzangu wengi kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Zamani mabehewa yaliungwa kwa kiungo cha chuma na pini, na mtu alisimama katikati akikielekeza kiungo kwa mkono huku behewa likija. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1893 ya kulazimisha kapla (viungo vya mabehewa) zinazojikamata zenyewe pamoja na breki za upepo, na vidole vingi viliokolewa. Lakini kapla ya kujikamata haikuondoa kazi ya katikati. Mipira ya upepo bado inaungwa kwa mikono kwenye treni nyingi za mizigo. Kapla iliyopinda upande bado inataka kunyooshwa. Na kule mabehewa yanakoungwa kwa minyororo, yakiwa na bafa (vyuma vya kupokea mgongano) kwenye ncha, kazi yote ni ya katikati.

Usiingie kwa kuwa treni imesimama. Ingia kwa kuwa dereva amekwambia imeshikwa. Ni mambo mawili tofauti. Mwite dereva, mwambie unaingia katikati ya behewa lipi na lipi, ngoja aweke breki, atoe kichwa kwenye gia ya mwendo, akujibu kwa maneno. Kisha ngoja tena kidogo. Treni ndefu ina ulegevu kwenye kila kapla, na ulegevu huo unaendelea kujikusanya au kujinyoosha baada ya kichwa kusimama. Utasikia mlio wake ukija kutoka mbali, ko, ko, ko, mpaka upite ulipo. Subiri kimya kirudi.

Kama unataka kunyoosha kapla, mabehewa yaachane kwanza kwa umbali wa kueleweka, angalau urefu wa behewa moja. Shanta mwenzangu, mtu mwangalifu kuliko wengi wetu, alikuwa na mazoea ya kusukuma kapla kwa mguu huku behewa lingine likiwa hatua chache tu, kwa sababu mkubwa wetu wa zamu alikuwa akihimiza mwendo. Siku hiyo behewa la pili lilisogea lenyewe, polepole, bila mlio. Hilo ndilo ninalotaka mlijue: behewa linalotambaa halina sauti. Hakuna injini, hakuna honi, gurudumu la chuma linateleza tu juu ya reli. Tulisikia sauti ya kapla zikikamatana, kisha yake. Alipona, lakini hakurudi tena yadini, na alikuwa mtu aliyeipenda kazi hii.

Vua pete kabla ya zamu. Pete ikinaswa kwenye ncha ya ngazi wakati unaruka chini, inachukua ngozi ya kidole yote.

Usikanyage reli, vuka juu yake. Sehemu ya juu ya reli ina grisi na umande, na ukiteleza unaangukia ndani ya njia. Usiweke mguu kati ya ulimi wa pointi (kipande cha reli kinachohama kubadili njia) na reli, hata kwa nukta moja, maana anayezivuta pointi hizo huenda yuko kwenye chumba ambacho hawezi kukuona. Ukivuka njia nyuma ya mabehewa yaliyosimama, zunguka mbali nayo, mita 10 ni kidogo. Na usipite chini ya behewa wala juu ya kapla kwa kukata njia. Hata mkubwa wako akipita hapo, wewe zunguka.

Mpira na koki

Ukiunga mipira, fungua koki (valvu ya kufungua na kufunga upepo) polepole. Upepo wa bar 5 ukiingia kwa ghafla kwenye mpira ambao haukukamatana vizuri, kichwa chake cha chuma kinachapa kushoto na kulia kwa nguvu ya kuvunja taya. Nilimwona mtu akivunjwa meno ya mbele kwa namna hiyo. Geuza uso, shika mpira kwa nguvu karibu na kichwa chake, fungua koki kidogo usikie, kisha malizia. Kabla ya kuachanisha mipira funga koki zote mbili, na utoe upepo uliobaki katikati.

Halafu hakikisha koki zote zimefunguliwa upande wa treni. Koki moja iliyofungwa katikati inakata treni vipande viwili kwa upande wa breki: dereva anapunguza upepo, mabehewa ya mbele yanabana, ya nyuma hayajui lolote. Pale Gare de Lyon, Paris, tarehe 27 Juni 1988, treni ya abiria iliingia stesheni karibu haina breki kwa sababu koki ya bomba kuu ilifungwa njiani, na watu 56 wakafa kwenye treni iliyokuwa imesimama. Kwa hiyo jaribio la breki haliishi kwenye geji ya dereva. Lazima mtu atembee hadi behewa la mwisho, aone kwa macho breki yake ikibana dereva anapopunguza, na ikiachia anapojaza. Mvua ikinyesha, tembea. Treni ikiwa imechelewa, tembea. Nilishinikizwa mara nyingi niseme breki ni nzuri kabla sijafika nyuma, na sikukubali.

Kurudisha treni nyuma

Dereva anayerudi nyuma haoni kitu. Macho ni yako. Kama mnatumia redio, mhesabie kwa mabehewa yaliyobaki: kumi, matano, matatu, mawili, moja, simama. Mkubaliane kabla ya kuanza kwamba akipita nusu ya umbali uliomtajia bila kusikia sauti yako, anasimama bila kuuliza. Kwa taa au bendera ni hivyo hivyo, akikupoteza machoni anasimama.

Nilikuwa upande wa pili wa yadi siku redio ya mwenzetu ilipokata moto katikati ya hesabu. Alikuwa amesema matano. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mkali kidogo, asiyependa maneno. Alihesabu mawili na nusu kichwani mwake, hakusikia kitu, akasimamisha. Nyuma kabisa, mafundi wawili walikuwa wameinama kwenye njia ile ile wakitazama taruma zinazobeba reli. Hawakujua lolote mpaka tulipowaambia.

Ikipita mbele yako

Ukiwa lupuni na treni nyingine inapita, simama nje uitazame yote, upande wako mmoja na mwenzako upande wa pili. Gurudumu lenye bapa (lililolika upande mmoja) linapiga mlio wa kurudia rudia. Breki iliyonasa inatoa cheche na harufu ya chuma kinachoungua. Beringi inayokufa ina harufu ya grisi iliyopikwa, na wakati mwingine mluzi mwembamba. Ukinusa hiyo, mwite dereva wake mara moja asimame, maana ekseli iliyopata moto inakatika na behewa linaacha njia pamoja na yote yanayolifuata. Tazama pia mkanda unaoburuta, mlango uliofunguka, magogo yaliyosogea. Wala usisimame karibu. Kitu kinachoning'inia kwenye behewa hakikuoni.

Kukabidhi zamu

Andika kwenye kitabu namba za mabehewa uliyofunga breki za mkono, si idadi peke yake, na ziko upande gani wa treni. Kisha mwambie kwa mdomo anayekupokea, naye arudie ulichosema. Akisema "naelewa, naelewa" bila kurudia, mwombe arudie.

Sababu ya namba ni mbili. Akiongezewa mabehewa usiku ajue yapi yanashika na yapi hayashiki. Na asubuhi, kabla kichwa hakijavuta, aweze kupita na kufungua moja baada ya jingine. Breki ya mkono iliyosahaulika inaburuta gurudumu lisilozunguka, linalika upande mmoja, linapata moto, na penye nyasi kavu moto huo unaingia porini. Afungue akitoka mbali kuelekea kichwani, na asiguse ya kwanza kabla dereva hajamwambia upepo umejaa na breki ya upepo imeshika.